Kuchagua kompyuta inayokufaa: tazama kwanza kile usichoweza kubadilisha baadaye

Anayekwenda kununua kompyuta huuliza kwanza bei, kisha huuliza "ni i5 au i7?", yaani jina la prosesa, ubongo wa kompyuta. Maswali yote mawili yana nafasi yake, ila yote mawili huja mapema mno. Kompyuta ni mkusanyiko wa vifaa. Vingine fundi anavibadilisha kwa nusu saa, vingine ukishalipa ndio basi. RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya kuchomeka, diski na betri vinabadilika. Prosesa ya laptopu, skrini, kibodi, na RAM iliyochomelewa kwenye ubao mkuu, ule mafundi wanaouita madabodi, havibadiliki, au vikibadilika ni kwa kazi na gharama kubwa zaidi. Bajeti ikibana, pesa iende kwenye kundi hili la pili. Diski ndogo ya leo utaiongeza mwakani. Skrini hafifu utaitumbulia macho kila siku hadi mashine ife.

Anza na kazi

Chukua karatasi uandike programu zote utakazotumia, kisha utie alama kwenye ile iliyo nzito kuliko zote. Hiyo moja ndiyo itakayokuchagulia kompyuta. Nyingine zitajipatia nafasi chini yake. Kuandika, barua pepe, majedwali ya kawaida na vikao vya video ni kazi nyepesi. Jedwali la Excel lenye mistari laki tatu na fomula kila kona si kazi nyepesi, ingawa programu ni ile ile. Photoshop, video za 4K, michoro ya majengo ya 3D, mashine pepe (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako) na michezo mikubwa, kila moja ina njaa yake. Photoshop hula RAM, video hula prosesa, kadi ya picha na diski kwa pamoja, na michezo hula kadi ya picha kuliko kitu kingine chochote.

Na aliye mwandishi siku 29 za mwezi na mhariri wa video siku moja? Ikiwa siku hiyo moja ndiyo inayoleta pesa, anunue mashine ya video. Ikiwa ni kujifurahisha tu, anunue ya kuandikia na awe na subira siku hiyo.

Nenda kwenye tovuti ya waliotengeneza programu ile nzito usome mahitaji yake. Utakuta viwango viwili. Kile cha chini maana yake programu itafunguka; kwamba utaifanyia kazi bila kukereka ni habari nyingine. Soma kile kinachopendekezwa, na ukumbuke kuwa kimeandikwa kana kwamba programu hiyo iko peke yake mashinini, ilhali wewe utakuwa na kivinjari chenye kurasa 20 nyuma yake.

Hapo hapo angalia inaendeshwa kwenye mfumo gani. Revit na SolidWorks za usanifu, na ArcGIS Pro ya ramani, ni za Windows tu. Final Cut Pro ya kuhariri video haiko kwenye Windows. Chromebook, laptopu ya mfumo wa ChromeOS wa Google, haisakinishi programu za Windows hata ingekuwa na nguvu kiasi gani, na kila modeli ina tarehe ya mwisho ya kupokea masasisho. Itafute tarehe hiyo kabla ya kulipa, hasa kama mashine imekaa rafuni muda mrefu. Laptopu za Windows zenye prosesa za Snapdragon zinakaa na chaji vizuri, lakini zina usanifu wa ARM, tofauti na ule wa Intel na AMD. Programu nyingi huendeshwa humo kwa kutafsiriwa, na printa ya zamani au kifaa cha maabara huenda kisiwe kabisa na dereva yake, yaani programu inayokiunganisha na mfumo. Wengi huligundua hilo boksi likiwa limeshatupwa.

Pima uliyonayo kabla ya kununua nyingine

Kama tayari una kompyuta inayokuchosha, iulize tatizo ni nini. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, kisha uingie sehemu ya Performance. Fungua kila kitu unachofungua siku ya heka heka, na mashine ikianza kuwa nzito tazama namba tatu: CPU (prosesa), Memory (RAM) na Disk (diski).

Memory ikiwa imepita asilimia 85 au 90, RAM imekwisha na mashine imeanza kuazima nafasi kwenye diski. Disk ikisimama kwenye 100 huku CPU ikicheza na 15, diski ndiyo inayokokota wenzake. CPU ikikaa 100 kwa dakika nzima huku unasubiri jambo moja, hapo kweli prosesa imeshindwa. Kwenye Mac fungua Activity Monitor, sehemu ya Memory, utazame mchoro wa Memory Pressure: kijani ni salama, njano ni onyo, nyekundu ni kilio.

Mara nyingi jibu huangukia RAM au diski, na zote mbili, ikiwa hazijachomelewa, huponywa kwa bisibisi. Laptopu yenye diski ya kuzunguka na RAM ya GB 4, ukiitia SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) na GB 8, utadhani umepewa nyingine.

Ya mezani au ya kubeba

Kama haitoki chumbani, nunua ya mezani. Kwa pesa ile ile utapata nguvu zaidi, skrini kubwa zaidi na mashine inayorekebishika. Ila ongeza kwenye hesabu skrini, kibodi, kipanya na UPS (betri ya akiba ya kukuwezesha kuhifadhi kazi), kwa kuwa umeme ukikatika ghafla kazi ambayo haijahifadhiwa inapotea, na faili lililokuwa likiandikwa wakati huo linaweza kuharibika.

Tahadhari moja kwa zile ndogo za ofisini zinazouzwa zikiwa zimetumika. Kasha lake ni jembamba na kifaa chake cha umeme huwa kidogo, mara nyingi kati ya wati 180 na 240, chenye plagi za kampuni yenyewe. Kwa kazi za ofisi ni mashine imara sana. Anayepanga kuja kuitia kadi kubwa ya michezo atakuta kadi haiingii, na hata ikiingia umeme hautoshi. Na ukijiundia mwenyewe kwa prosesa ya Intel, herufi F mwishoni mwa jina lake maana yake haina sehemu ya picha ndani: bila kadi ya picha, skrini itabaki nyeusi na utahangaika kutafuta kosa lisilokuwepo.

Kusoma jina la prosesa

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa chenga. i3, i5, i7 ni ngazi ndani ya kizazi kimoja, si kipimo cha nguvu cha nyakati zote. Kinachosema mengi zaidi ni namba inayofuata.

Chukua laptopu mbili: moja imeandikwa i7-7500U, nyingine i5-8250U. Kwenye kibandiko ya kwanza inaonekana kubwa. Ukweli ni kwamba i7-7500U ina viini (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja) viwili tu, na i5-8250U ina vinne. Ya pili inaishinda kwa mbali katika kazi yoyote inayogawanyika, na zaidi ya hayo ndiyo inayokubaliwa na Windows 11. Kwa Intel, mpaka wa Windows 11 ni kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha prosesa chache sana za kizazi cha 7. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashine isiyokubali Windows 11 inabaki bila masasisho ya usalama, isipokuwa uihamishie Linux, mfumo mwingine wa uendeshaji, au uisajili kwenye mpango wa nyongeza ambao nao una mwisho.

Kizazi cha Intel Core kinasomwa hivi: namba ikianza na 2 hadi 9, tarakimu ya kwanza ndiyo kizazi, kama 8250U. Ikianza na 1, soma tarakimu mbili: 10210U ni kizazi cha 10, 1135G7 ni cha 11, 1235U ni cha 12. Herufi ya mwisho nayo si pambo. U ni ya kubana umeme, inafaa ofisi na safari. H ni yenye nguvu na joto, inafaa video na michezo, na betri yake huisha mapema. Mashine mpya zaidi zimeandikwa Core Ultra 5 au Core 7 bila ile i, na utaratibu wa namba umebadilika; hapo andika jina zima la prosesa kwenye kivinjari utazame mwaka ilipotoka na idadi ya viini.

AMD nayo ina mtego wake. Katika Ryzen za laptopu za mfululizo wa 7000, tarakimu ya tatu ndiyo inayotaja usanifu. Ryzen 5 7520U na Ryzen 5 7530U zinafanana kama mapacha, tofauti ni tarakimu moja, lakini ya kwanza ina viini vinne vya usanifu wa Zen 2, ya pili ina sita vya Zen 3. Bei zikikaribiana, hakuna sababu ya kuchukua 7520U.

Celeron na Pentium za laptopu ndogo zifikirie mara mbili. N4020 ina viini viwili na inahema hata kwenye kikao cha video chenye watu wengi. N100, iliyokuja baada yao bila jina la Celeron wala Pentium, ina vinne na kwa kuandika, kusoma na kutazama video inajitosheleza. Kwa zaidi ya hapo, laptopu ya biashara iliyotumika yenye i5 ya kizazi cha 8 au cha 10 hukupa thamani zaidi kuliko mpya ya daraja hili, alimradi betri iwe bado hai.

RAM: uliza kwanza imechomekwa au imechomelewa

Windows 11 yenyewe hukaa na GB 3 hadi 4 hata kabla hujafungua chochote. Ndiyo maana GB 4 leo ni kujitafutia mateso, GB 8 ni kiwango cha kuanzia kwa kazi nyepesi, na GB 16 ndiyo inayofaa kwa anayetaka mashine imdumu miaka mitano. Wahariri wa video za 4K, wasanifu wa 3D na wanaoendesha mashine pepe waanzie GB 32.

Swali linalosahaulika ni hili: inaongezeka? Laptopu nyembamba nyingi zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao mkuu, na Mac zote zenye prosesa za M hazina nafasi ya kuongeza. Ukiona neno LPDDR kwenye maelezo, karibu kila mara imechomelewa. Ukiona DDR4 au DDR5 tupu pamoja na neno SODIMM, ni ya kuchomeka. Baadhi zina nusu kwa nusu: GB 8 zimechomelewa na nafasi moja iko wazi. Tafuta mwongozo wa matengenezo wa modeli yenyewe kwenye tovuti ya kampuni. Humo utaona nafasi ziko ngapi na kiwango cha juu ni kipi. Kama imechomelewa, nunua leo kiasi utakachohitaji miaka mitano ijayo. Kama inachomekwa, nunua ndogo bila wasiwasi, kisha ongeza.

DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5 wala kinyume chake, mwanya wa kati umewekwa mahali tofauti. Na kama laptopu haina kadi ya picha ya pekee, vipande viwili vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha GB 16, maana sehemu ya picha hutumia RAM hiyo hiyo na vipande viwili huipa njia mbili za kupitishia data. Kwa sababu hiyo hiyo utakuta laptopu ya GB 8 imeandikwa "5.9 GB usable" au zaidi kidogo. Hujaibiwa; sehemu ya picha imejitengea fungu lake.

Diski

Diski ya kuzunguka, HDD, husoma takriban MB 100 kwa sekunde faili likiwa refu na limenyooka. Windows haisomi hivyo. Inapowaka huokota maelfu ya vifaili vidogo vilivyotawanyika, na hapo HDD hushuka hadi MB 1 au chini yake. SSD ya SATA (muunganisho wa zamani) hufika karibu MB 550, ile ya NVMe (muunganisho mpya) mara nyingi hupita 3,000, lakini tofauti utakayoihisi mwilini ni ile ya kutoka HDD kwenda SSD yoyote. Kutoka SATA kwenda NVMe, mwandishi na mhasibu hawatagundua kitu. Mhariri wa video atagundua.

Tofautisha SSD na eMMC, aina ya hifadhi ya bei nafuu. Laptopu za bei ya chini zenye "GB 64" au "GB 128" mara nyingi zina eMMC, nayo imechomelewa. Ile ya GB 64 ndiyo mbaya zaidi: Windows na masasisho yake huijaza, sasisho kubwa linalofuata linagoma kwa kukosa nafasi, na mwenye mashine anabaki kufuta picha zake kila mwezi. Usiinunue, hata bei ikiwa ya kutupa.

GB 256 zinatosha kwa nyaraka. Ukiwa na picha na video nyingi chukua GB 512, au bakia na 256 kama kuna nafasi ya pili ya M.2, tundu la SSD kwenye ubao mkuu. Usishtuke Windows ikikuonyesha 238 badala ya 256, wanahesabu kwa njia mbili tofauti. Unapokwenda kununua SSD ya kuongeza, jua kuwa M.2 ni umbo tu: nafasi nyingine hupokea NVMe, nyingine SATA, nyingine zote mbili. Urefu wa kawaida ni 2280, yaani milimita 22 kwa 80. Baadhi ya laptopu ndogo huchukua 2242 au 2230. Pima, au soma mwongozo. SSD ya nje ya "TB 16" kwa bei ya chakula cha mchana ni kadi ndogo ya kumbukumbu ndani ya kasha zuri. Inadanganya ukubwa wake, na faili za mwisho unazoweka zinapotea kimya kimya.

Skrini na kibodi

Kataa 1366 kwa 768. Kurasa mbili hazikai kando kwa kando, na vidirisha vya programu nyingi hukatika chini. Anzia 1920 kwa 1080. Ile ya 1920 kwa 1200 ni nzuri zaidi kwa kusoma na kuandika kwa kuwa inaongeza mistari chini. Tafuta neno IPS. Skrini ya TN ukiisogeza kidogo tu rangi zinageuka.

Mwangaza hupimwa kwa niti. Niti 250 zinatosha ndani penye kivuli, 300 na zaidi ukikaa karibu na dirisha, 400 kama unafanya kazi barazani. Anayeshughulika na picha au machapisho aangalie pia rangi: "45% NTSC" ni skrini iliyopauka, nyekundu yake inafanana na tofali, na kazi utakayoisawazisha humo itatoka chapani na rangi nyingine kabisa. Tafuta "100% sRGB".

Kibodi ijaribu kwa kuandika aya nzima, siyo kugusagusa vitufe viwili. Na uzito: gramu 1,400 na gramu 2,300 kwenye meza ya duka zinaonekana sawa. Ukiisahau chaja kwenye hesabu hiyo, utaujua ukweli begani.

Kadi ya picha, kama unaihitaji

Wengi hawaihitaji. Sehemu ya picha iliyo ndani ya prosesa za sasa inatosha ofisi, masomo, video na hata uhariri mwepesi. Zile za Intel zina saketi maalumu ya kufungua na kubana video za H.264 na H.265, na kwa kazi hiyo hushangaza.

Ukihitaji ya pekee, tazama mambo mawili. La kwanza ni kumbukumbu yake: GB 4 zinaishiwa haraka kwenye michezo mipya na video za 4K, GB 8 ni pa kuanzia. La pili ni wati. Laptopu mbili zinaweza zote kuandikwa RTX 4060, lakini mtengenezaji anaruhusiwa kuipa kadi hiyo kati ya wati 35 na 115. Iliyobanwa kwenye mwili mwembamba haitakaribia mwenzake, na jina kwenye kibandiko ni lile lile. Tafuta namba hiyo ya wati kwenye maelezo ya mtengenezaji. Isipoonekana, tafuta majaribio ya modeli hiyo hiyo.

Betri kwa hesabu

Saa zinazotangazwa hupimwa skrini ikiwa imefifizwa na kazi ikiwa nyepesi. Hesabu yako mwenyewe ni rahisi zaidi: gawanya wati-saa (Wh) za betri kwa wati zinazoliwa. Laptopu ya ofisi hula takriban wati 8 hadi 12 ukiwa unaandika na kuvinjari. Betri ya Wh 50 kwa wati 10 ni saa 5. Ya Wh 38 ni chini ya 4, hata tangazo liseme 9.

Kwa mashine iliyotumika, fungua Command Prompt uandike:

powercfg /batteryreport

Windows itakuandikia faili na kukutajia liliko. Lifungue utafute mistari miwili, Design Capacity na Full Charge Capacity. Tuseme ya kwanza ni 50,000 mWh (yaani Wh 50) na ya pili 31,000. Betri imebaki na asilimia 62, na kwa wati 10 utapata saa 3 na kidogo. Chini ya asilimia 60, ingiza bei ya betri mpya kwenye majadiliano. Ikiwa imevimba, yaani pedi ya kugusia imeinuka au kifuniko cha chini hakikai sawa, usiichaji tena na usiibonyeze. Betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kushika moto.

Ukikagua iliyotumika

Tenga dakika 20, na muuzaji asikuharakishe. Nenda na flashi, spika za masikioni, na simu ya kukupa intaneti.

1. Iwe imezimwa na imepoa. Iwashe mwenyewe, uingie BIOS (menyu ya mipangilio ya msingi, kabla Windows haijawaka) kwa F2, F10 au Delete kulingana na kampuni. Ikiomba nywila ambayo muuzaji haijui, iache. Kuiondoa kwenye laptopu za biashara mara nyingi kunahitaji kubadilisha chipu au ubao.

2. Iunganishe na intaneti, kisha umwombe muuzaji aiweke upya mbele yako, au angalau utazame Settings, Accounts, sehemu ya kazi au shule. Ikikuletea ukurasa wa kuingia wenye jina la kampuni au chuo, bado iko chini ya usimamizi wao na inaweza kufungwa wakati wowote. Kwa Mac, hakikisha akaunti ya mwenye awali imetolewa. Activation Lock, kufuli la Apple linaloifunga mashine kwa akaunti hiyo, haina ujanja wa fundi.

3. Usiamini kibandiko. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, usome prosesa na RAM humo.

4. Endesha CrystalDiskInfo kutoka kwenye flashi. Buluu ni nzuri, njano ni onyo, nyekundu ondoka. Kwenye HDD tazama Reallocated Sectors, inapaswa kuwa sifuri. Kwenye NVMe tazama Percentage Used, yaani asilimia ya maisha yake iliyokwisha kutumika.

5. Cheza video ya 1080p ikiwa imejaa skrini kwa dakika kumi huku mambo mengine yakiendelea. Feni ikipiga mbiu muda wote au mashine ikajizima, kuna vumbi au pasta ya kupitishia joto la prosesa imekauka. Hilo linatibika. Skrini ikicheza mistari unapotikisa kifuniko, waya wa skrini au bawaba vimechoka, na hilo ni ghali.

6. Andika kila kitufe kwenye Notepad. Fungua ukurasa mweupe mtupu, halafu mweusi, utafute madoa na pikseli zilizokufa. Chomeka flashi kila tundu. Jaribu kamera, maikrofoni, Wi-Fi na tundu la HDMI.

7. Chaja isomwe wati. Laptopu iliyokuja na wati 65 ukiipa 45 huenda ichaji polepole au isichaji kabisa ikiwa kazini, na baadhi ya kampuni hushusha kasi ya prosesa zikiona chaja zisiyoitambua. Mashine ikiwa "nzito bila sababu", chaja ni mshukiwa anayesahaulika sana.

Kuhusu matundu, moja tu: USB-C ni umbo la tundu, halikuambii kazi yake. Moja huchaji na kutoa picha, jirani yake hubeba data peke yake. Tafuta alama ya umeme au ya DisplayPort (ya kutoa picha) kando yake, au soma maelezo, kabla hujanunua adapta ya skrini mbili ambayo haitawaka.

Wiki ya kwanza

Muda wa kurudisha bidhaa ni mfupi, kwa hiyo fanya yote mapema. Sasisha mfumo hadi kusiwe na kilichobaki, sakinisha ile programu nzito uliyoitia alama kwenye karatasi, na uifanyie kazi halisi kwa saa mbili mfululizo huku Task Manager ikiwa wazi. Tengeneza flashi ya kusakinishia Windows, yenye angalau GB 8, mashine ikiwa bado nzima. Na risiti iandikwe namba tambulishi ya mashine, ile iliyo chini ya kasha, kisha uilinganishe na ile inayoonekana kwenye BIOS. Zikitofautiana, kasha na ubao havikuzaliwa pamoja, na dhamana inaweza isikubaliwe.